Dekali za maji au herufi za kusugua? Kuchagua alama za modeli ukiwa Dodoma

Mezani kwangu hapa Nkuhungu kuna vitu viwili vinavyosubiri alama. Cha kwanza ni ndege ya plastiki, Airbus A220-300 kwa kipimo cha 1:144, urefu wake kama sentimita 27, imeshapakwa nyeupe na haina jina wala bendera. Cha pili ni behewa la mizigo kwa kipimo cha 1:87, rangi ya kutu, kuta zake zina mikunjo kama ya bati la nyumba. Vijana wanaoanza kuunda modeli huniuliza wanunue karatasi zipi: zile za kulowesha zikateleza, au zile za kusugua kwa kijiti mpaka herufi ihame. Wanataka jibu la neno moja, nami sina. Wao wanachagua kwa modeli nzima. Mimi nachagua kwa alama mojamoja, na kwa hewa ya mahali ninapofanyia kazi. Maelekezo ya kwenye boksi yameandikwa na watu wanaoishi kwenye unyevu. Huku kwetu mambo ni mengine.

Tuelewane majina kwanza. Ya kulowesha naiita dekali. Ya kusugua, watu wa umri wa mjomba wangu wanaiita Letraset hata kama karatasi ni ya kampuni nyingine, kama vile dukani unavyoomba Colgate ukapewa dawa yoyote ya meno. Kampuni yenyewe ya Letraset ilianza London mwaka 1959, na wateja wake wakubwa walikuwa wachoraji: wa matangazo, wa ramani za majengo, wa vibao. Watu wa modeli tulidandia baadaye.

Kinachobaki juu ya modeli

Dekali ina tabaka nne. Chini kabisa karatasi, juu yake gundi ya wanga inayoyeyuka kwa maji, kisha utando mwembamba unaoonyesha, halafu wino. Ukiilowesha gundi inalainika, utando unateleza pamoja na wino wake, karatasi inabaki mkononi. Herufi ya kusugua haina utando. Wino umechapwa nyuma ya plastiki laini, na mgongoni mwa wino kuna gundi nyepesi inayoshika kwa kubanwa. Unaposugua, wino unaiachia plastiki na kukamata rangi ya modeli.

Kwa hiyo dekali inaacha utando juu ya modeli yako na herufi ya kusugua inaacha wino peke yake. Ukishika hilo, sehemu kubwa ya ugomvi wa hizi mbili umeuelewa.

Utando una adui mmoja: rangi isiyong'aa. Rangi ya mati, hata ikionekana laini kwa macho, kwa utando ni kama barabara ya changarawe. Unalala juu ya vijiwe, chini yake hewa inabaki, na mwanga ukipiga unaona weupe wa kifedha kuzunguka kila herufi. Modeli inapoteza heshima yote pale pale. Dawa yake ni kupaka vanishi ya kung'aa kwanza, kuiacha ikauke sawasawa, kubandika dekali, kisha kupuliza vanishi ya mati juu ili mng'ao uondoke. Hapo umeshaongeza mikono miwili ya vanishi kwenye kazi yako.

Herufi ya kusugua haikudai hayo. Inakaa juu ya rangi ya mati bila shida, na ukimaliza inaonekana imeandikwa na fundi rangi wa karakana.

Vumbi, ukavu, na maji ya Mzakwe

Mwenye nyumba Tanga anaweza kupaka vanishi saa nane mchana akaenda zake kula. Jaribu hapa mwezi wa nane. Agosti moja nilipaka vanishi bawa zima la ndege, nikaliweka karibu na dirisha likauke, nikaenda Sabasaba kununua mboga. Upepo ukaja. Niliporudi bawa lilikuwa msasa, jekundu kidogo, na kila punje ya vumbi imezama ndani kabisa. Nililikwangua siku mbili.

Tangu hapo vanishi napaka usiku upepo ukishatulia. Nanyunyiza maji sakafuni kwanza, na nikimaliza nafunika kazi kwa beseni la plastiki lililoinuliwa kwa visoda vitatu ili hewa ipite. Inafanya kazi vizuri. Lakini kila mkono wa vanishi ninaouepuka, kuanzia Juni mpaka Oktoba, nauhesabu kama faida, na hapo herufi za kusugua zinanishawishi sana.

Ukavu nao una lake. Dekali inasifiwa kwa kukupa nafasi ya kuisogeza: ukiiweka vibaya unaigusa kwa brashi yenye maji, inateleza, unaipanga upya. Ni kweli, ila hapa dakika hizo zinapungua. Maji yanakauka ukiwa bado unatafuta miwani. Njia yangu ni kuweka tone la maji pale alama itakapokaa kabla ya kuteremsha dekali, na kubaki na brashi yenye maji mkono wa pili. Tena usiiache dekali ielee kwenye bakuli mpaka iachane na karatasi yenyewe, kwa sababu gundi itabaki kwenye bakuli. Sekunde kumi hadi ishirini majini zinatosha. Itoe, ilaze juu ya tishu, subiri mpaka ukiigusa kwa kidole inasogea.

Halafu maji yenyewe. Maji ya mji huu mengi yanatoka visima vya Mzakwe, na kila aliyekaa Dodoma anaujua ule ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huohuo, kwa udogo wake, unabaki kwenye modeli tone likikauka: duara jeupe juu ya rangi ya giza, na mara nyingine limefungwa chini ya dekali ambako huwezi kulifuta. Nilipoteza muda nikidhani ni gundi. Siku hizi nanunua yale maji safi ya kuongezea betri ya gari, chupa moja inanifikisha mbali. Angalia unachopewa, maana duka hilohilo linauza na tindikali ya betri. Muulize muuzaji mara mbili. Na chupa usiiweke watoto wanapofika.

Herufi za kusugua hazijui habari za Mzakwe. Adui zao ni wawili: joto na umri. Karatasi iliyohifadhiwa chini ya bati bila dari, kwenye joto la Novemba, gundi yake inalainika na herufi zinaanza kunata kwenye karatasi ya kinga. Baridi ya Julai asubuhi inazifanya ngumu, zinavunjika badala ya kuhama, mpaka uipashe karatasi kidogo kati ya viganja. Ikishazeeka kabisa haina tiba, unaona herufi inabanduka vipandevipande kama rangi ya ukuta wa nje. Dekali iliyozeeka ina matumaini zaidi. Ikiwa ya njano, iweke kwenye mfuko wa plastiki na uibandike dirishani siku kadhaa, jua litairudisha. Jua tunalo bure. Ikiwa inapasuka, ipake vanishi nyepesi inayoonyesha, ikikauka kata kila alama kwa kuifuata ukingoni. Jaribu na alama usiyoihitaji kwanza.

Mkono unaokosea

Mjomba wangu alikuwa mchoraji wa ramani za majengo hapa mjini. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na kwa miaka mingi baadaye kazi ya kuchora haikukatika. Alipostaafu alibaki na bahasha ya karatasi za herufi za kusugua, nyeusi na nyeupe, zikiwa zimepangwa kwa ukubwa. Nilimfuata Chang'ombe siku moja na kipande cha plastiki nilichokipaka rangi, anifundishe.

Alinipa kalamu ya Bic iliyokwisha wino. Nikaweka karatasi, nikasugua D. Ikahama, imelala upande kama mlevi.

"Mjomba, hii inarudi?"

"Hairudi, mjomba. Ikishakaa imekaa. Ndiyo maana sisi tulikuwa tunavuta pumzi kwanza."

Akachukua kipande cha selotepu, akakigandisha mgongoni mwa mkono wake mara mbili kupunguza ukali, akakibonyeza juu ya D na kukivuta juu taratibu. Herufi ikatoka. Rangi yangu ikatoka nayo kidogo. Hilo ndilo kosa la herufi za kusugua kwa ufupi: hazina kusogeza, zina kung'oa.

Alichonionyesha baadaye ndicho ninachotumia mpaka leo. Bandika utepe mwembamba wa selotepu uwe mstari wa chini. Shika karatasi isicheze hata kidogo. Sugua kutoka kona moja ya herufi kwenda nyingine bila kukandamiza, huku ukiitazama rangi yake kupitia plastiki: sehemu iliyohama inapauka. Herufi yote ikipauka ndipo unainua karatasi, polepole, kutoka upande mmoja, tayari kuirudisha kama kuna mguu wa herufi umebaki. Mwisho weka ile karatasi ya kinga juu yake na usugue tena ili ishike vizuri.

Kwa mtu anayeanza nitasema bila kuzunguka: anza na dekali. Inasamehe. Herufi ya kusugua nayo itakufundisha subira, ila masomo yake yanalipiwa kwa herufi, na kila karatasi ina idadi yake.

Mikunjo na mapindo

Hapa dekali haina mpinzani. Pua ya ndege, mkia, mahali ambapo bawa linakutana na kiwiliwili, mistari ya mabati na riveti: utando ukilainishwa kwa dawa unashuka kwenye kila mfereji. Dawa ziko za aina mbili. Moja inasaidia kushika, kama Micro Set ya Microscale, ambayo ukiinusa unajua kuna asidi ya siki ndani yake. Wapo wanaotumia siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, na kwangu imekubali kwenye dekali nene. Nyingine, kama Micro Sol ya kampuni hiyohiyo au Mr. Mark Softer ya GSI Creos, inaulainisha utando wenyewe. Hii usiitafutie mbadala wa jikoni.

Mara ya kwanza kutumia dawa ya kulainisha utapata hofu. Baada ya dakika moja hivi dekali inakunjamana yote, kama utando wa maziwa yaliyochemka ukiyaondoa jikoni. Mkono utawasha kutaka kuinyoosha. Usiiguse! Ukiigusa wakati huo inachanika, imekwisha. Iache, nenda kachote maji au kapige simu. Ukirudi imelala palepale, mistari yote ya plastiki inaonekana chini yake kama imepakwa kwa brashi.

Herufi ya kusugua juu ya pindo inataka karatasi ikatwe ndogo, igandishwe kwa selotepu, na isuguliwe kidogokidogo. Kwenye pindo la kwenda upande mmoja, kama ubavu wa tangi la mafuta, inawezekana. Kwenye kitu cha duara kama pua ya ndege, sahau. Na ikivuka mfereji kati ya mabati mawili, wino unaning'inia juu ya shimo kisha unapasuka.

Nyeupe, na bendera

Modeli za mambo ya kwetu zina tatizo ambalo wenzetu wa Ulaya hawalijui sana: alama zake hazimo kwenye boksi. Ukinunua ndege, karatasi ya dekali iliyomo ina mashirika ya huko. Ukitaka twiga wa Air Tanzania mkiani na usajili unaoanza na 5H, uchape mwenyewe.

Kuchapa mwenyewe maana yake ni dekali. Kuna karatasi maalumu za utando unaoonyesha na za utando mweupe, kila moja ikiwa ya printa ya wino au ya printa ya leza, na hizo mbili hazibadilishani. Nilipeleka karatasi ya printa ya wino kwenye steshenari yenye leza, utando ukalainika kwa joto ndani ya mashine, na nilistahili maneno niliyoambiwa. Chapa ya printa ya wino lazima ipulizwe vanishi nyepesi mara mbili tatu kabla ya kuguswa na maji, la sivyo twiga anayeyuka mbele ya macho yako. Ya leza inavumilia maji bila hayo.

Printa hizi za kawaida hazina wino mweupe. Zinadhani karatasi ndiyo nyeupe. Ukichapa njano kwenye utando unaoonyesha na kuibandika juu ya rangi ya giza, njano inapotea. Ndiyo sababu kwenye ndege yangu nyeupe sina wasiwasi, na bendera ya taifa naichapa mwenyewe. Hiyo bendera, kwa njia, ni mtihani mzuri wa printa yoyote: kijani, buluu, mshazari mweusi, na ile mistari miwili ya njano pembeni yake. Kwa upana wa milimita 4, rangi zikikosana hata kidogo njano ya upande mmoja inanenepa na ya upande wa pili inamezwa. Kwa kusugua, alama ya rangi nne si kitu cha kuhangaika nacho. Karatasi nyingi utakazozipata ni za rangi moja, nyeusi au nyeupe.

Lakini nyeupe ya kusugua ni nyeupe kwelikweli. Nzito, imefunika, kingo zake zimekatwa kama kwa wembe. Juu ya behewa la rangi ya kutu hakuna chapa ya nyumbani itakayoikaribia. Na kwa maandishi madogo pia inashinda. Herufi ya urefu wa sentimita 7 kwenye kibao cha namba ya gari inabaki karibu milimita 3 kwa kipimo cha 1:24; kwa dekali utando unaozunguka vijiherufi hivyo mara nyingi unaonekana kuliko herufi zenyewe. Kwa 1:87 inashuka chini ya milimita 1, na huko kila njia inakushinda kama karatasi haikuchapwa kiwandani.

Kuna njia ya kuzioanisha ambayo naipenda kuliko zote. Chukua kipande cha karatasi tupu ya dekali, kipulize vanishi ya kung'aa, kikikauka sugua herufi zako juu yake mezani, ukiwa umekaa, ukiwa na rula. Ukikosea umepoteza herufi, modeli iko salama. Ukimaliza puliza vanishi nyepesi juu, kata, lowesha, na telezesha neno zima kama dekali nyingine yoyote. Unapata nyeupe ya kusugua na uhuru wa kusogeza. Utando unarudi, ndiyo, na vanishi ya chini inarudi nao. Na vanishi hiyo ipulizwe kwa mbali. Ukiilowanisha herufi ya kusugua kwa vanishi kali inakunjamana au inayeyuka.

Stika za plastiki wanazokata mafundi wa magari kwa mashine? Kwa maketi kubwa ya majengo, sawa. Kwa modeli ndogo ni nene mno, kingo zake utaziona ukiwa mlangoni.

Nilivyogawa

Ndege inapata dekali tupu: twiga, bendera, madirisha, usajili. Mapindo ni mengi, rangi ni nyingi, na chini ni nyeupe. Itangoja usiku usio na upepo.

Behewa lingepata herufi za kusugua moja kwa moja kama ukuta ungekuwa bapa. Mikunjo ya bati imenilazimu kupita njia ya kuoanisha. Niliandika SHIRIKA LA RELI TANZANIA kwa nyeupe, na hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho mjomba alikijua miaka yote. Karatasi zake zilipangwa kwa Kiingereza. E zimejaa mistari miwili, A ni chache. Sisi kwenye maneno hayo tunakula A tano na E moja tu. Ukinunua karatasi, hesabu A zake kwanza, kisha I na K. Wachoraji wa zamani walipoishiwa waliigeuza V miguu juu na kuikatia kijistari cha katikati kutoka kwenye alama ya kutoa. Ukiitazama kwa karibu unaijua, ila kwa umbali wa mkono hakuna anayejua.

Behewa la kwanza limekula A za saizi hiyo mpaka zimebaki mbili. La pili nitaliandika TRC.